Mafuvu matatu na kifuu kimoja

Jana umeme ulirudi saa nne usiku, nikafungua kompyuta nimalize kazi ya watu. Sikuimaliza. Nilibaki nayakodolea macho mafuvu.

Ni picha ya Paul Cézanne, Mfaransa wa Aix-en-Provence: mafuvu matatu yamepangwa juu ya zulia. Aliichora kwa rangi za maji kati ya 1902 na 1906, mwaka aliofariki. Yenyewe iko Art Institute of Chicago, jumba la makumbusho ya sanaa huko Marekani. Mimi ninayo hii ya kwenye kioo, na faida yake ni kwamba unaisogelea mpaka pua iguse na hakuna mlinzi wa kukukemea.

Nikaikuza. Nilikuwa natafuta rangi nyeupe ya mfupa, nikaambulia patupu. Mfupa ni karatasi tupu! Palipong'aa zaidi ndipo ambapo brashi haikupita. Rangi iko pembeni, nyepesi kama maji yaliyosuuziwa kanga, tabaka juu ya tabaka, na katikati yake mistari ya penseli ambayo hakujali kuifuta. Inazunguka utosi mara mbili tatu, kama mtu anayepapasa kichwa gizani.

Mama akapita na glasi yake ya maji. Akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, mafuvu ya nini usiku huu?"

"Picha tu, Mama."

Akainama. "Na zulia zuri hivyo wakaliwekea mafuvu!"

Kumbe zulia sikuwa nimelitazama kabisa. Lina maua, na maua yenyewe yana pilikapilika kuliko mafuvu.

Mafuvu aliyokuwa akiyachora Cézanne yapo mpaka leo kwenye karakana yake ya Les Lauves, juu ya mji ule. Mwenyewe kaondoka, wageni wake bado wamekaa.

Nikashikwa na hamu ya kujaribu. Fuvu sina, lakini kifuu cha nazi kilikuwepo jikoni, na matundu yake matatu. (Fuvu, kifuu: waliotuachia lugha hii waliona walichokiona.) Nikakiweka juu ya kanga. Pale mwanga wa balbu ulipokiangukia nilitakiwa kuiacha karatasi wazi. Nilivumilia dakika tano hivi, mkono ukaniwasha, nikapaka. Papo hapo kikageuka bonge la tope.

Nikalala nimepanga kurudia asubuhi. Nimeamka, kanga imekunjwa vizuri juu ya kiti, na kifuu kiko jikoni kinachemsha chai.