Mama Mzima

Alhamisi ilikuwa siku ya chanjo, na benchi za zahanati yetu ya Likoni, Mombasa, zilijaa kabla ya saa mbili. Mwaka ule ulikuwa 2015. Binti mmoja aliingia na mtoto wa wiki 6, mavyaa wake nyuma na mkoba. Mtoto alikuwa kilo 4.6, alizaliwa na 3.1. Chanjo ya penta, ile ya magonjwa matano kwa sindano moja, paja la kushoto, ya nimonia paja la kulia, matone ya polio na ya rota, ya kukinga kuhara. Mtoto mnene vile, nikaandika kijitabuni: mama mzima.

Kilichonishtua ni mikono. Mtoto alipolia, yule mama hakumvuta kifuani. Alimshika kama abiria wa feri aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake, angoja mwenyewe aje auchukue.

Nikamwuliza kama analala. Mavyaa akadakia: "Alala vyema, sista. Mimi mwenyewe namkanda kwa maji moto, arubaini nzima hajashika ufagio." Na ni kweli, mkaza mwana alitunzwa. Ila mzazi akiulizwa mbele ya mkwe au mume, jibu linalotoka ni la heshima tu. Nikamwomba bibi akasimame dirisha la dawa, achukue vidonge vya kuongeza damu. Foleni ilikuwa ndefu, alhamdulillahi.

"Mtoto akilala, nawe walala?"

"Silali. Naangalia dari."

Kila mzazi huchoka. Anayeshindwa kulala hata mtoto akiwa amelala, huyo ni wa kuketi naye. Kile kilio cha siku ya 3 hadi ya 5 baada ya kuzaa hupita ndani ya wiki 2. Hapa tulikuwa wiki ya 6.

Nikatoa karatasi ya Edinburgh, ya kupimia huzuni ya mzazi, ile ya mwaka 1987: maswali 10 juu ya siku 7 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Nilimsomea polepole, kwa sababu akiachiwa ajaze mwenyewe kwenye kelele, hutia alama palepale pa juu amalize. Kuanzia 13 twashuku sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, ingawa karatasi peke yake haithibitishi ugonjwa. Alipata 17.

Swali la 10 lahusu kujidhuru, na wauguzi wengi huliruka wakiogopa kumtia mtu wazo. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Alijibu, "Mara chache sana." Hiyo ni alama 1, na hata 1 hapo mtu harudishwi nyumbani hivi hivi. Nikauliza zaidi.

"Juzi tulipovuka feri nilisimama katikati kabisa. Niliiogopa nafsi yangu."

Mtoto je, amewahi kufikiria kumdhuru? Hapana. Sauti asizosikia wengine? Hapana. Angesema ndiyo, ingekuwa dharura ya dakika ileile. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, tukapima wingi wa damu: 8.9, ni pungufu. Upungufu wa damu nao huchosha na kuvunja moyo, lakini haukutosha kueleza alama 17.

Daktari wa zamu aliandika rufaa ya siku hiyohiyo. Mavyaa alitaka kwanza ampeleke akanywe kombe, yale maji yaliyooshea aya za Kurani. Nikamwambia, "Bibi, kombe anywe, silikatazi. Lakini hospitali ni leo, na njiani asiachwe peke yake, hata chooni."

Walipokuwa wakingoja gari, nikarudi kwenye kijitabu. Nikakata "mama mzima" kwa mstari mmoja, nikatia sahihi na saa, nikaandika pembeni: 17, swali la 10, alama 1.