Cheti cha Kumlea Mwanangu Mwenyewe

Barua ilikuja ndani ya mkoba wa mwanangu, imekunjwa mara nne na kulowa maji ya matunda. Shule yanialika mafunzo ya wazazi, kila Jumanne asubuhi kwa wiki 12, bila malipo. Uso ukanipanda moto. Kwetu Lamu mzazi akiitwa shule, ujue mtoto ana makosa. Leo naitwa mimi nikafundishwe kulea? Mimi niliyekulia mtaa wa Langoni, ambako ukitukana njiani habari humfikia mama kabla yako, na majirani wawili wameshakuadhibu?

Nilitafuta visababu wiki nzima. Aliyenishawishi ni jirani yangu Msomali, ambaye babu yake alifika hapa Cardiff, Wales, na meli akahamia Butetown, mtaa wa bandarini, asirudi. Akaniambia, "Dada, nenda. Wanaokushuku hawaandiki barua, wanabisha mlango." Hofu yetu sote huku ni hiyo, kuchukuliwa watoto, ila hatuisemi kwa sauti.

Basi tukaketi duara, wazazi 11, chai isiyo na iliki mkononi. Mafunzo yenyewe yalibuniwa na Carolyn Webster-Stratton, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwalimu alichora piramidi ubaoni. Chini, penye upana, kuna kucheza na mtoto na kumsikiliza. Juu yake kumsifu, kisha mipaka. Adhabu iko kwenye ncha, padogo kabisa. Nikaitazama ile picha nikajijua: miaka yote nilikuwa naishi kwenye ncha. Na hapa Wales tangu 21 Machi 2022 hata kofi la mzazi halina tena utetezi mbele ya sheria, kwa hiyo hata ncha yangu ilikuwa imeshakatwa.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kucheza dakika 10 kila siku. Mtoto ndiye anayeongoza. Wewe huulizi wala huamuru, wamweleza tu anachofanya, kama mtangazaji wa mpira. Siku ya pili Mama akapiga simu ya video akanikuta sakafuni.

"Umeweka gari jekundu juu ya daraja," namwambia mwanangu. "Sasa unalisukuma polepole."

Mama alinyamaza kidogo. "Mwanangu, wamwambia anayoyaona mwenyewe? Kwani hana macho?"

Nilicheka mpaka nikakaukiwa. Lakini wiki ya nne, mtoto ambaye kuoga kwake kulikuwa vita, alinishika mkono jikoni akaniambia, "Mama, leo hujanitangaza." Nikazima jiko.

Si yote niliyoyakubali. Vibandiko vya nyota vya kumzawadia mtoto kwa kunawa mikono, hivyo nilivirudisha. Kunawa ni twahara, haina mshahara.

Nilichokosa huku hasa hakikuwa elimu, walikuwa watu. Lamu nikichoka, dada humchukua mtoto hata sijamwomba. Bibi yuko barazani, na jirani humkaripia kwa niaba yangu. Hapa mlango ukifungwa saa kumi jioni, tumebaki mimi na yeye, na mvua. Ndiyo maana siku ile mama mmoja Mpoland alipolia kwamba mwanawe anauma wenzake darasani, hakuna aliyeshtuka. Mmoja akasema wake humwaga uji makusudi. Mimi nikasema wangu aliwahi kujifungia chooni nikambembeleza kwa saa nzima, kwa Kiswahili na Kiingereza. Yule mama akafuta machozi akaanza kucheka. Mwalimu naye akaacha ubao, akavuta kiti.

Wiki ya mwisho tulipewa vyeti, na muhuri wa shule juu yake. Nikakipiga picha changu nikamtumia Mama. Ijumaa akanipigia, sauti imejaa kelele za wanawake wa arusini.

"Nimewaonyesha wote," akasema. "Nimewaambia wewe ndiye uliyewafundisha Wazungu kulea."