Siku moja maishani mwangu: Civic ya 1994 inayokwenda Dar

Saa 12:15 asubuhi. Natoka Kirumba, begi mgongoni. Kule Mwaloni dagaa wa usiku wameshaanza kuanikwa. Ndani ya begi nina laptopu, kipimo cha moshi chenye sensa ya Bosch, na kiboksi kinachoenea kiganjani: emuleta, kifaa changu cha kurekebishia kompyuta ya gari. Nikipanda daladala begi hili silitundiki wala siliweki chini, nalipakata mpaka Nyakato.

Saa 1:00. Mzee ameshafika gereji kabla yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo tunamaliza?"

"Mungu akijalia, leo unaondoka nalo."

Gari ni Honda Civic ya 1994. Mzee amestaafu na Alhamisi anaendesha kwenda Dar kukaa kwa binti yake. Shida ilianza nozeli mbili, zile zinazonyunyiza petroli kwenye injini, zilipovuja. Za aina ile zikakosekana mjini, akafungiwa nne za mtumba zilizotoka kwenye injini kubwa zaidi. Tangu siku hiyo plagi zinatoka nyeusi kama sufuria ya kuni, petroli inanuka mpaka sebuleni. Amebadilishiwa plagi mara tatu, na hakuna aliyeiuliza kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inajua nini kuhusu nozeli mpya.

Haijui kitu. Inachojua ni kufungua nozeli kwa milisekunde kadhaa kulingana na jedwali lililomo ndani yake, na jedwali hilo liliandikwa kwa nozeli za zamani, za sentimita za ujazo 240 kwa dakika. Hizi za mtumba nilizipima kwa chupa wiki iliyopita zikatoa 310. Muda ni uleule, mafuta yamezidi. Gari halina ugonjwa, linatii maagizo ya zamani.

Saa 2:00. Nafungua kontroli boksi, yenye alama P28. Magari ya miaka hii nayapenda kwa jambo moja: kumbukumbu yake unaweza kuigusa kwa mkono. Marekani ilipolazimisha OBD-II, mfumo wa kusomea hitilafu za injini, kwa magari ya mwaka 1996, mambo yakaanza kuhamia kwenye plagi ya chini ya dashibodi. Humu ubao una nafasi ya chipu ya miguu 28. Soketi nililehemu wiki iliyopita, pamoja na chipu ndogo ya 74HC373, nikaunga na ile njia ya J1 inayoiambia kompyuta isome chipu ya nje. Leo ninachomeka mkanda wa emuleta tu.

Emuleta inajifanya chipu. Kompyuta ya gari inasoma humo ikidhani inasoma kumbukumbu yake, na papo hapo laptopu yangu inabadilisha namba kupitia waya wa USB. Nilianza kazi hii bila kifaa hiki. Kila namba ilidai kuzima injini, kung'oa chipu, kuifuta kwa taa ya urujuanimno dakika 15 au 20, kuandika upya, kurudisha, kuwasha. Ukikosea, unaanza tena. Kwa siku nzima ungejaribu mara kumi, kumi na mbili.

Saa 3:00. Nagawanya 240 kwa 310, napata 0.77. Nazidisha jedwali zima la mafuta kwa namba hiyo, halafu nawasha. Kipimo cha moshi kinaonyesha 12.1, yaani sehemu 12.1 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, naitaka 14.7. Nozeli kubwa huchelewa kufunguka na kufunga kwa namna yake, kwa hiyo hesabu ya 0.77 haitoshi huku chini. Napunguza asilimia mbili kwenye kisanduku kimoja. Mlio unabadilika hapohapo, ule mguno wa kukohoa unalainika. Mbili tena, na tena, mpaka 13.4. Mzee ameinamia bonneti, mikono nyuma.

"Umefanya nini? Mbona hujashika kitu?"

Namwonyesha skrini. Mistari ni mizunguko ya injini, safu ni mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini, na kisanduku kinachowaka ndipo injini ilipo sasa hivi. Anakanyaga mafuta kidogo, kisanduku kinakimbia, anacheka kwa furaha. Saa 4:30 tumefika 14.6 na harufu imekwisha.

Saa 5:00. Barabarani, mimi na laptopu kiti cha kushoto, dogo wa gereji anaendesha. Tunapita Igoma hadi baada ya Kisesa, ambako magari yanapungua. Gia ya tatu, kanyaga taratibu, shikilia, mimi narekebisha. Kwenye mzigo mkubwa nataka kati ya 12.5 na 13, kwa sababu injini inayobanwa ikikosa mafuta inapata joto na kugonga, yaani mafuta yanalipuka pasipo wakati wake.

Tukiwa tunarudi tukapita tuta, injini ikazima kabisa. Mkanda wa emuleta ulilegea kwenye soketi. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakikunja na kukibana juu ya mkanda. Tukawasha, tukaendelea.

Saa 8:00. Ugali na sato, haraka.

Saa 8:40. Sasa kazi inayonikosesha usingizi. Injini ikiwa imezimwa na swichi iko oni, sensa ya hewa ya manifoldi inasoma milibari 886. Ndiyo hewa yetu: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Injini hii haina turbo ya kusukuma hewa, kwa hiyo hata ukikanyaga hadi mwisho haivuki hapo. Safu tatu za mwisho za jedwali, zinazofika milibari 1,000, hapa Mwanza haziguswi kamwe. Ningeweza kuziacha na gari lingetembea vizuri mpaka Magu na kurudi.

Lakini mzee anakwenda zaidi ya kilomita 1,100. Singida iko juu kuliko sisi, Dodoma tunakaribiana, kisha anateremka Morogoro mpaka baharini, na kule injini itaingia kwenye safu ambazo sijawahi kuzisikia. Nachukua namba nilizozipima, naziendeleza kwa uwiano wa mgandamizo, naongeza asilimia tatu ya mafuta juu yake, na narudisha taimingi, wakati wa plagi kutoa cheche, nyuma digrii mbili. Atapoteza nguvu kidogo. Pistoni zitabaki salama.

Saa 10:30. Emuleta ni ya kazi, haikai kwenye gari la mtu. Naandika namba zote kwenye chipu ya 27SF512, itakayobaki garini. Hii ina nafasi mara mbili ya inayohitajika, na kwa Honda faili linaanzia nusu ya pili. Nasoma tena chipu nzima na kulinganisha na faili, nachomeka, nawasha swichi. Taa ya injini inawaka sekunde mbili, inazimika.

Saa 11:15. Nampa mzee karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa: KUANZIA MOROGORO USIKANYAGE MPAKA MWISHO. UKISIKIA INAGONGA MLIMANI, ACHIA MAFUTA, NIPIGIE. Nyuma nimeandika namba zote za safu zile tatu, ili fundi wa Dar mwenye kipimo ajue nilizikisia kutoka wapi.

Anaisoma yote, anaikunja mara mbili, anaichomeka kwenye kibao cha kuzuia jua.

"Nikifika Chalinze nitakupigia hata kama haijagonga," anasema, na kuwasha gari.