Kanzu kwa Kimo cha Mtoto

Somo: 1 Samweli 2:18–26, Wakolosai 3:21

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nawaalika tumtazame Hana. Tumezoea kumwona akilia mbele za Bwana kuomba mtoto, lakini leo tumfuate miaka ya baadaye, maombi yake yakiwa yamejibiwa na mtoto akiwa mbali naye. Samweli alikuwa Shilo, akilelewa na kufundishwa na kuhani Eli. Mazingira hayakuwa mazuri. Mlezi alikuwa mzee, na wanawe, Hofni na Finehasi, walidharau sadaka ya Bwana bila haya. Hana hakuweza kuwapo kila siku. Andiko linatutajia jambo moja alilolifanya: kila mwaka alipopanda na mumewe kutoa dhabihu, alimletea Samweli kanzu ndogo aliyomfanyizia kwa mikono yake.

Kanzu hukatwa kwa kipimo, na ya mwaka jana haimwingii mtoto anayekua. Kwa hiyo mama huyu kila alipokutana na mwanawe alimtazama vizuri: amerefuka kiasi gani, mabega yamefikia wapi. Aliondoka Shilo akiwa na kimo cha Samweli moyoni.

Sasa kumbukeni kwamba nyumbani kwa Hana alikuwamo Penina, mke mwenzake, mwenye wana na binti, aliyemchokoza Hana mwaka kwa mwaka mpaka akawa analia na kukataa chakula. Kama kuna mzazi aliyekuwa na sababu ya kumtumia mtoto wake kuwajibu watu, ni Hana. Hata hivyo hatusomi popote kwamba alimtaka Samweli awapite watoto wa Penina. Alimtoa kwa Bwana, akamshonea kanzu ya kimo chake mwenyewe.

Nasema haya kwa sababu naona jinsi matokeo ya shule yanavyotusumbua sisi waamini. Mtoto anafanya mtihani, lakini anayesubiri kushinda ni mzazi, na kila mzazi ana Penina wake: ndugu, jirani, mfanyakazi mwenzake, au hata muumini wa kanisa moja ambaye watoto wake huongoza darasa. Mtoto analijua hilo mapema sana. Anajua kwamba alama zake zitasomwa mbele ya wageni, na kwamba zikiwa mbaya jina la binamu yake litatajwa kabla chakula hakijaliwa.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai: “Ninyi akina baba, msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa.” Hana alijua kuchokozwa kunamfanyia nini mtu. Alishindwa hata kula. Basi mtoto aliyechokozwa, aliyeitwa mzito, aliyeambiwa “pesa yangu inapotea bure kwako”, atashikaje kitabu? Anaweza kukaa mezani saa tatu na daftari likiwa wazi, asijifunze kitu. Nguvu zake zote zinakwenda katika kujilinda. Ndiyo maana wengine huficha karatasi za mitihani, na wengine huanza kudanganya, nasi tunawaadhibu kwa uongo bila kujiuliza nani aliyewatia hofu hiyo.

Hata sifa zina namna yake. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyoyafanya na watoto wa darasa la tano. Baada ya zoezi la kwanza, baadhi ya watoto walisifiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Walipopewa nafasi ya kuchagua, wengi wa wale waliosifiwa akili walitaka kazi ambayo ingewafanya waendelee kuonekana wana akili. Wengi wa waliosifiwa bidii walitaka kazi ambayo wangejifunza kitu kipya hata kama wangekosea. Na walipokumbana na maswali magumu, wale wa kwanza ndio waliovunjika moyo zaidi. Tukimwambia mtoto kila siku kwamba yeye ni kichwa, tunampa cheo anachoogopa kukipoteza. Tukimwambia “nimeona ulivyorudia ile hesabu mpaka ikakubali”, tunamwonyesha njia anayoweza kuipita tena kesho.

Mtoto akileta karatasi yenye alama za chini, tusianze na alama. Tuketi naye tupitie swali moja moja. Makosa hayafanani. Kuna swali alilolikosa kwa sababu hakuelewa somo, kuna alilolielewa lakini hakusoma maelekezo, na kuna alilolifikia muda ukiwa umekwisha. La kwanza linahitaji kufundishwa upya, pengine kwa kumwona mwalimu. La pili linahitaji utulivu, na la tatu mazoezi ya kufanya kazi kwa saa. Kumchapa hakutibu hata moja kati ya hayo. Tusisahau pia mambo yasiyo na uhusiano na bidii: macho yasiyoona ubaoni, sikio lisilosikia vizuri, herufi zinazomchanganya mtoto kuliko wenzake, au mwanafunzi mkubwa anayemwonea njiani. Nimeona watoto wakiitwa wavivu muda mrefu, kumbe walihitaji miwani.

Wapo wazazi wanaosema, “Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?” Ndugu yangu, dada yangu, unaweza sana. Mwombe akufundishe. Mwambie akueleze alichojifunza leo kama vile wewe ndiye mwanafunzi, na usipoelewa, umuulize tena. Mtoto anayemfundisha mwenzake hugundua mahali ambapo yeye mwenyewe hajaelewa, na jambo alilolieleza kwa kinywa chake hukaa kichwani kuliko alilolisoma tu. Luka anatuambia kwamba Yesu alipokuwa na miaka 12 alikutwa hekaluni ameketi katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Mwana wa Mungu aliuliza maswali! Basi tusimkaripie mtoto anayeuliza sana, na badala ya kuishia kwenye “umepata ngapi?”, siku nyingine tumuulize, “Leo umeuliza nini darasani?”

Usingizi nao ni sehemu ya masomo. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Yanayosomwa mchana hujipanga akilini mtu akiwa amelala, kwa hiyo kukesha usiku wa kuamkia mtihani humdhoofisha aliyejiandaa na hakumwokoi asiyejiandaa. Kidogo kila siku kinashinda. Na kama tunataka simu iwekwe kando wakati wa kusoma, ya baba na ya mama ziwekwe kando pia.

Sasa juu ya maombi, maana najua wengi tumeyangoja. Tuwaombee watoto, tena kwa majina yao na kwa masomo yao. Danieli 1:17 inasema wazi kwamba ni Mungu aliyewapa Danieli na wenzake watatu maarifa na ujuzi katika elimu. Lakini mstari wa 5 wa sura hiyohiyo unasema walipangiwa kufundishwa miaka 3. Mungu aliwapa maarifa wakiwa darasani, katika lugha ngeni, mbele ya waalimu wasiomjua Yeye. Nina huzuni ninapoona mtoto asiyefungua daftari muhula mzima akiletwa kuombewa kalamu asubuhi ya mtihani, kisha akifeli anabaki kuamini kwamba Mungu hakumsikia. Hilo ni jeraha la imani, nasi wakubwa ndio tuliomtia.

Na hapa nina neno kwa sisi tunaopanga ibada za shukrani baada ya matokeo. Tunawaita mbele waliofaulu, tunawapigia makofi, nao wanastahili. Ila yupo aliyetoka nafasi ya mwisho akapanda hatua chache kwa jasho, na amekaa kiti cha nyuma akitazama. Katika mfano wa talanta, bwana aliwapa watumwa kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Yule aliyeleta mbili zaidi alisikia maneno yaleyale aliyoyasikia aliyeleta tano: “Vema, mtumwa mwema na mwaminifu.” Hakupunguziwa hata neno. Kanisa linaweza kumwita mtoto huyo mbele pia.

Wiki hii, kila mzazi na kila mlezi amchukue mtoto wake mmoja mmoja, asiwakusanye pamoja, aketi naye muda wa kutosha. Amuulize ni somo gani linampa furaha na lipi linamtisha. Asikilize mpaka mwisho kabla ya kushauri. Kama kuna maneno makali yaliyokwisha kusemwa, hapo ndipo pa kuomba radhi, maana mtoto naye huombwa radhi.

Tuombe.

Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa watoto uliotukabidhi. Utupe macho ya kuwaona kama walivyo. Uwaguse walimu wao, hasa waliochoka. Uwakumbuke wazazi wanaohangaikia ada na madaftari, na walezi wanaosomesha watoto wasiowazaa. Mtoto aliyefeli na anaogopa kurudi nyumbani, umtangulie, umlainishie moyo yule atakayemfungulia mlango. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.