Zile chupa nyeusi kabatini kwa mama

Hichi kisa kwetu mpaka leo kikitajwa watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, ila siku yenyewe wallahi hakuna aliyecheka. Nilikuwa fomu tri, narudi skuli mchana, jua la mwezi wa tatu lile la kukausha mate, nafika mlangoni namkuta mama kakaa barazani, nampa shikamoo haitikii. Mbele yake kaweka gazeti, na juu ya gazeti kazipanga chupa ndogo sita. Moja maji yake meusi tii kama wino wa pweza, mbili zimeingia weusi wa kijivu, tatu safi, na kila chupa ina kikaratasi kimeandikwa kwa peni. BI MKUBWA. JAA. MSIKITINI. BOMBA. KWETU. CHEMSHA.

"Nani kakutuma?" Ndo swali la mwanzo hilo.

Sasa hebu jieke wewe nafasi yake. Unapanga nguo, unafungua kabati, nyuma ya makanga yako ya harusi unakuta chupa zimefichwa gizani, zina majina ya watu unaopishana nao kila siku, unaifungua moja kidogo tu inatoa harufu ya yai viza. Hapo nani atafikiria sayansi? Na kilichomuuma zaidi si jina la Bi Mkubwa, bibi wa mtaani kwetu, ni ile iliyoandikwa KWETU. "Hata sisi tumo!" kasema, "yaani umetutia na sisi!"

Ikabidi niende mbio nimlete mwenzetu mmoja, tukimwita Dokta, mana alikuwa anasema kila siku atakuwa daktari na mama alikuwa anamwamini kuliko mie mtoto wake wa kumzaa, aje athibitishe kama ile ni projekti ya skuli na mwalimu anajua.

Ilivyokuwa ni hivi. Mwalimu wetu wa baiolojia alitugawa makundi ya watu wanne, kila kundi lichague jambo la mtaani kwake walichunguze wakaonyeshe kwenye maonyesho ya sayansi. Kundi letu nilikuwa mie, Dokta, kijana mmoja katoka Wete tukimwita Mpemba (na yeye akitwita Waunguja kama vile ni tusi, sawa tu), na msichana mmoja hodari wa kuchora ambae sayansi haimkai kabisa lakini bila yeye tusingekuwa na ramani. Tukachagua maji. Si kwa sababu ya uzalendo, ni kwa sababu mtaa wetu, huku Ng'ambo mjini Unguja, sitoutaja, bomba linakuja siku linapotaka lenyewe na siku zilizobaki watu wanateka visimani, kwa hiyo tuliona kazi itakuwa nyepesi, visima viko, kamba iko, tunateka tunapima tunamaliza. Hahaha.

Mwalimu ndo alotutia hamu. Alituhadithia ile ya London mwaka 1854, daktari John Snow alivyozifuatilia nyumba zenye maiti wa kipindupindu akaona zimezunguka pampu moja ya Broad Street, akawashawishi wakubwa wakang'oa mpini wa pampu, na baadae akazichora kwenye ramani. Halafu akatwambia msidhani ni mambo ya wazungu huko, hapa hapa Unguja kipindupindu kiliingia 1869 na 1870 kikaua watu wengi sana, na daktari James Christie alokuwepo hapa mjini kaandika kitabu kizima kuhusu maradhi hayo Afrika Mashariki, kikatoka 1876. Mie nilikuwa sijawahi kusikia. Nyumbani kipindupindu tunakijua kwa masika tu, mvua zikikaza wanapita na spika wanatangaza chemsheni maji, na wauza urojo wanaambiwa wafunge.

Zile chupa alizileta mwalimu, sijui alizipata kwa nani maabara. Ndani zina kikaratasi kimelowekwa dawa kikakaushwa, unatia maji unafunga unaziweka pahala pa joto siku moja mpaka mbili. Njia hii walianzisha Wahindi, mtu anaitwa Manja na wenzake, mwaka 1982, na ujanja wake ni mdogo tu: bakteria wengi wanaokaa matumboni mwa watu na wanyama wanatoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ndo ile harufu ya yai viza, na gesi ile ikikutana na chuma kilomo kwenye dawa inageuka nyeusi. Maji yakiwa na kinyesi chupa inafanya weusi. Ikifanya weusi haraka ndo kinyesi kingi zaidi, japo haikwambii idadi. Kizuri chengine haitaki inkubeta, ile mashine ya kutunza joto, kwa joto la huku kwetu kabati la mama linatosha kabisa. Ndo nikaziweka kule. Kosa langu sikumwambia mwenyewe kabati.

Na ile ilikuwa mara ya pili! Mara ya kwanza zote sita ziligeuka nyeusi, pamoja na ile ya maji yalochemshwa ambayo tuliiweka makusudi ibakie safi ili tujue kama kazi yetu imenyooka. Tukashangaa, tukagombana, Mpemba akasema chupa mbovu, mwisho Dokta mwenyewe akakiri kuwa kila chupa aliifuta mdomo kwa ndani na shati lake la skuli, "ilikuwa na vumbi". Dokta! Shati la kutwa nzima, limeshika daladala limeshika mpira. Mwalimu hakutugombeza, kasema tu kaanzeni tena, na bomba mliwachie maji yamwagike dakika nzima kabla ya kukinga, na hakuna mtu kugusa mdomo wa chupa.

Nirudi kwenye majibu. Sisi tulikuwa na uhakika kisima cha karibu na jaa ndo kitakuwa kibaya kuliko vyote, mana hata ukikitazama tu roho haitaki, maji yana rangi ya chai ya jana. Kikafanya weusi kweli lakini taratibu, siku ya pili. Cha msikitini ni cha kuchimba kwa mashine, kina pampu na kimefunikwa saruji juu, kikabaki safi. Bomba safi. Ilogeuka nyeusi kabla hata siku moja kumalizika ni ya Bi Mkubwa.

Huwezi kuelewa uzito wake kama hujui kisima cha Bi Mkubwa. Maji yale meupe, baridi, matamu, Ramadhani watu wanatoka mitaa ya mbali na madumu kuja kuteka maji ya kufuturia pale, waja wazito wanapelekewa yale, na mie mwenyewe nimekunywa tangu sijaota meno. Alikichimba marehemu mumewe kwa mtaimbo na mikono, kikawekwa sadaka, hakuna anaelipa hata senti. Kwenda kumwambia mwenyewe maji yake yana mavi ni kama kwenda kumwambia sadaka ya mumewe imeharibika.

Tulijaribu kukwepa. Tukasema labda ile chupa inadanganya, mana kweli kuna maji yenye salfaidi yake ya asili ambayo yanageuza chupa nyeusi bila ya kinyesi. Ila mwalimu alitupa vijikaratasi vya kupimia naitreti, unachovya unahesabu sekunde unalinganisha rangi, na cha Bi Mkubwa kikafanya waridi iliyokoza, baina ya 50 na 100, na Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho miligramu 50 kwa lita. Naitreti huioni, huionji, na ukichemsha maji ndo kwanza inazidi kukoza kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki. Inatokana na mbolea au na vyoo. Sasa pale katikati ya Ng'ambo nani ana shamba?

Tukenda na futi ya mwalimu kupima. Nyuma ya ukuta wa kisima kuna vyumba vitatu vya wapangaji alivyojenga mtoto wa Bi Mkubwa miaka ya karibuni, na choo chao, choo cha shimo, kipo mita tisa na kitu kutoka mdomo wa kisima. Kitabuni wanasema angalau 30. Na kwetu hata 30 si dawa, mana kisiwa hichi sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe ya zamani limejaa nyufa na matundu, maji ya juu hayachujwi kama kwenye mchanga, yanateremka mbio kama yamefunguliwa njia. Mpemba akateremsha kamba, akaitazama ilipolowa, akasema pima mbili na nusu tu unagusa maji, na huu ni ukame, masika si yatapanda yakutane na shimo lenyewe.

Basi tukaja tukabisha hodi, wanne, kama wachumba.

Katukaribisha, katukalisha, katuletea maji. Ya kisima. Bilauri nne juu ya sinia. Nakwambia sijawahi kuona watu wanne wanazitazama bilauri namna ile. Dokta akaanza kwa mbali, akamhadithia Snow na London na mpini wa pampu, bibi anasikiliza anatafuna tambuu yake, hadithi ilipomalizika kasema, "Kwa hiyo nyie wajukuu zangu mmekuja kuning'olea kamba."

Kimya. Mie nikatazama chini.

"Bibi," Mpemba kasema, na kwa hili namshukuru mpaka leo, "maji hayana makosa, makosa choo."

Akanyanyuka, akenda mpaka ukutani, akasimama anatazama vile vyumba vya wapangaji muda mrefu. Anaijua kodi ya vile vyumba inamlisha nani. Karudi kakaa, kauliza, "Basi alipokichimba marehemu kilikuwa kizuri?"

Dokta alitaka kusema ndio, namjua, mdomo ulishafunguka. Mie nikasema, "Inawezekana bibi, lakini hatukukipima wakati ule." Nikajuta papo hapo. Ila yeye kaitikia kichwa, halafu kauliza lile swali ambalo sisi wataalamu hatukuwa tumejitayarisha nalo kabisa, "Na ya kwenu je, kwa mama yako, ni mazuri?"

Mana ile chupa ya KWETU nayo ilikuwa moja ya zile mbili zilizoingia weusi wa kijivu. Maji ya bomba yalipotoka kwenye bomba yalikuwa safi. Yakaingia kwenye dumu, yakakaa siku tatu, kila mtu anachota na kata ile ile inayolala chini sakafuni, mtoto mdogo anatia mkono mpaka kwenye kiwiko, na chupa ikafanya weusi. Yaani sisi hatuna kisima, hatuna mpangaji, tumejichafulia wenyewe ndani ya nyumba mita mbili kutoka jikoni. Nikamwambia bibi ukweli. Kacheka mpaka tambuu ikamtoka.

Kumwambia mama ilikuwa kazi nyengine. "Maji yaje safi mie ndo niyachafue?" Nikasema si wewe mama, kata. "Na kata anaishika nani?" Nikanyamaza. Kesho yake dumu limesuguliwa na mchanga na sabuni mpaka limebadilika rangi, kata imetundikwa msumarini, na baada ya wiki mbili kanunua ndoo yenye koki kwa pesa ya upatu. Tulipopima tena ikabaki safi, akaichukua ile chupa kwenda kuwaonyesha majirani, yule yule alosema nimerogwa.

Maonyesho yenyewe sina mengi, tulikuwa wa tatu, tukashindwa na jiko la jua na kitu cha kutotolea vifaranga. Ramani ya msichana wetu watu waliipiga picha sana. Jaji mmoja alituuliza kwa nini hatukumtafuta bakteria wa E. coli mwenyewe, yule wa kinyesi, mana kipimo kinachotambulika ni asionekane hata mmoja kwenye mililita 100, tukasema hatuna vifaa, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kweli alikuwa na haki, chupa yetu inakwambia "wasiwasi upo", haikwambii zaidi ya hapo.

Kisima kipo. Bi Mkubwa hakukifunga, alimwambia kila anaekuja kuwa maji ya kisima yawe ya kufulia na kuogea, na yeye mwenyewe akahamia ya bomba, anajaza chupa za plastiki zinazoonyesha ndani anazilaza juu ya bati kutwa nzima, tulimfundisha sisi hiyo, jua kali kwa muda wa masaa sita linaua wadudu, mawingu yakitanda ni siku mbili. Kuna wanaomsikiliza, kuna wanaosema maji yale yana baraka na baraka haipimwi kwa chupa. Choo cha wapangaji kimehamishwa upande wa pili, bado si mita 30, hakuna nafasi ya mita 30 mtaani kwetu popote utakapogeuka.

Juzi nimerudi likizo kutoka chuo, sijavua hata baibui, kaja mjukuu wake anahema. "Bibi anakusalimu. Anauliza zile chupa nyeusi zimebaki? Masika yashaingia."

Zimebaki mbili. Safari hii nimemwambia mama kabla ya kufungua kabati.