Nilivyojifunza kumtambua blugili bila kudanganywa na rangi

Watu wa Kanda ya Ziwa tukifika Kentucky, Marekani, samaki wa kwanza tunayemvua bwawani, yaani blugili, tunamwita sato. Si ajabu. Ana umbo lile lile la bapa, na pezi lake la mgongoni lina miiba mbele na ulaini nyuma. Lakini si sato hata kidogo. Nilipotaka uhakika nilitazama pua: sato ana tundu moja kila upande, huyu wa huku ana mawili. Halafu kuna ule mstari wa ubavuni. Kwa sato umekatika vipande viwili, kwa huyu unakwenda bila kukatika hadi mkiani. Suala la sato likaishia hapo.

Kazi ikabaki kwa ndugu zake wa kweli. Hapa Lexington na kwenye vijito vinavyouzunguka mji kuna ukoo mzima wa samaki wanaoitwa sanfishi, jenasi ya Lepomis, na wengi wao wanaenea kwenye kiganja. Blugili, Lepomis macrochirus, ndiye anayepatikana zaidi. Nilikuwa na sababu ya kuwajua: Kentucky inaweka kikomo cha kuvua kwa siku kwa mmoja wao, yule sikio-jekundu, na afisa wa wanyamapori akikukuta na ndoo hataridhika ukimwambia hao ni samaki tu.

Rangi niliiacha mapema. Blugili wa maji ya tope hutoka amepauka. Wa maji maangavu yenye majani ni kijani kizito chenye mng'ao wa zambarau. Msimu wa kuzaliana, maji yakishafika nyuzi joto 20 hivi, kifua cha dume kinawaka rangi ya chungwa, ilhali jike wa bwawa hilo hilo yuko kijivu na njano. Tena kuna madume wadogo wanaojifanya majike ili wapenye kwenye kiota cha dume mkubwa wakati mayai yanatagwa, jambo lililochunguzwa sana katika Ziwa Opinicon, Ontario. Samaki anayemdanganya samaki mwenzake, mimi mwenye ndoana ataniacha?

Sasa ninafanya hivi. Nalowesha mkono kwanza, maana mkono mkavu unambandua samaki ute. Kiganja nakipitisha kutoka kichwani kurudi nyuma ili miiba ya mgongoni ilale; ukianzia mkiani utaijua. Kisha natazama kijisikio, ile ncha laini inayochomoza nyuma ya kifuniko cha matamvua. Cha blugili ni cheusi mpaka ukingoni, hakina pambizo nyeupe wala nyekundu. Natafuta pia doa jeusi nyuma kabisa ya pezi la mgongoni, chini karibu na mwili. Kisha linakuja pezi la ubavuni, ambalo mimi naliamini kuliko yote. Nalishika kwa ncha za vidole na kulikunja taratibu kuelekea mbele: la blugili ni refu, limechongoka, linapita jicho. Mdomo ni mdogo, pembe yake haifiki katikati ya jicho.

Alama moja peke yake haitoshi. Sanfishi wa kijani, Lepomis cyanellus, naye ana lile doa la mgongoni, na hapo ndipo watu wengi wananaswa. Lakini mfungue mdomo: mpana, wa mlaji hasa. Pezi la ubavuni ni fupi na la mviringo, na kijisikio kina ukingo uliopauka. Shida ni kwamba hawa wawili wanazaana, na wenye mabwawa hununua mahuluti wao makusudi, wengi wao madume, wayapandikize. Huyo ana mdomo wa kati, pezi la kati, kila kitu cha kati. Namwandika mahuluti, siumizi kichwa.

Sikio-jekundu, mlaji wa konokono, ana pezi refu kama la blugili, ila ukingo wa kijisikio ni mwekundu au wa chungwa na hana doa mgongoni. Sikio-refu wa vijitoni anajitambulisha mwenyewe kwa kijisikio kirefu chenye ukingo mweupe.

Kwa bahati nzuri niko mahali penyewe. Constantine Rafinesque, aliyempa blugili jina la kisayansi mwaka 1819, alifundisha Chuo cha Transylvania hapa hapa Lexington, na samaki wake walitoka Mto Ohio. Kwa hiyo blugili wangu wa Kentucky ni wa aina ya kaskazini, ile ya mwanzo.

Aina za kimaeneo ndizo ngumu. Kuna ya Florida, iitwayo pua-shaba, ambayo baadhi ya wataalamu wanaiona ni spishi kamili. Na kuna ya kusini-magharibi, ya Texas na kaskazini mwa Meksiko. Tatizo ni watu kuwahamisha. Akihito, alipokuwa mwana wa mfalme wa Japani, alirudi nao kutoka Chicago mwaka 1960, wakasambaa mpaka wakawa kero, na mwaka 2007 akaeleza majuto yake hadharani. Wanasayansi walipotaka kujua blugili wa Japani walitoka mto gani, jicho halikutosha. Vinasaba ndivyo vilivyowaelekeza Guttenberg, Iowa.

Nilipomtembelea shemeji yangu Houston, alinipeleka kwenye bwawa la mtaa wao. "Shem, wewe ndiye mtaalamu, huyu ni wa wapi?" Dume kubwa, paji la uso lina utepe wa rangi ya shaba juu ya macho, mistari ya ubavuni mipana na michache. Kabla ya kujibu niliuliza nani aliweka samaki pale. Mtunza bwawa akasema walinunuliwa kwa mfugaji, pua-shaba, lakini mafuriko yaliwahi kuunganisha bwawa na kijito. Basi, yule dume nikamwandika pua-shaba, na pembeni: "amepandikizwa". Wadogo wasio na utepe niliwaandika blugili tu, nasaba haijulikani.