Siku nilipomfungua mchoraji

Usinicheke kabla hujafika mwisho. Nilipewa hadithi fupi ya upelelezi niifasiri kutoka Kiingereza, nami kwa majivuno nikasema keshokutwa itakuwa tayari. Neno draw, lililojaa humo, nililijua tangu utotoni: kuchora. Na drawer je? Kama anayeimba ni singer na anayefundisha ni teacher, basi drawer ni mchoraji. Nani angebisha?

Ukurasa wa kwanza ukatoka hivi: “Mama yule alichora mapazia, akachora kiti karibu na moto, akamfungua mchoraji, akachora bastola.” Kusema kweli nilisita kidogo pale kwenye mchoraji. Alifungwa na nani, na lini? Nikarudi aya za juu kutafuta kamba, sikuiona. Nikajiambia, hadithi za upelelezi ndivyo zilivyo, siri hufichuka mwishoni. Nikaendelea. Kufika ukurasa wa nne marehemu naye alikuwa “amechora pumzi yake ya mwisho”, na mimi nimeshaamini kuwa familia nzima ni wasanii.

Mhariri alinirudishia kazi na mstari mmoja: “Naona bastola imechorwa vizuri, ila imemuuaje mtu?”

Kila niliyemlilia alinipa ushauri ule ule: kariri maana zote. Nikanunua kamusi nene (hela iliyotoka siitaji), nikakata kadi, nikazibandika ukutani: kuchora, kuteka maji, kutoa damu, kufunga pazia, kufungua pazia (ndiyo, yote mawili!), kupokea mshahara, kukaribia, kwenda sare. Wiki mbili nzima. Nilichovuna ni kuumwa kichwa na madoa ya gundi ukutani. Wanaotoa ushauri huo sidhani kama wamewahi kufasiri hata barua.

Aliyeniokoa ni mtoto wa meza. Droo yangu ilikuwa imekwama, nikawa naivuta kwa mikono miwili huku mguu mmoja nimeikanyagia meza. Ilipochomoka nikaenda nayo chali, kalamu zikanimwagikia kifuani. Nikiwa pale sakafuni ndipo nikaelewa: drawer huyu hachori, anavutwa! Neno lenyewe limetokana na dragan, kitenzi cha Kiingereza cha kale, yaani kuvuta au kukokota. Kuchora kulikuja baadaye, kwa kuwa mchoraji huvuta kalamu juu ya karatasi.

Basi nikaanza kuvuta kila kitu. Pazia huvutwa, kama limefungwa au limefunguliwa, tazama ni usiku au asubuhi. Maji huvutwa kisimani, ndiyo maana drawers of water katika Biblia ya King James ya 1611 ni wateka maji, si wachora mito. Pumzi hata sisi twavuta. Nguo ya ndani ya kizamani iliitwa drawers kwa sababu huvutwa miguuni kuja juu. Drawing room si chumba cha kuchorea. Ni withdrawing room iliyokatwa kichwa, chumba cha kujitenga na wengine. Hata mchezo wa drafti ni wa ukoo huo. Na kwenye hundi, drawer ni yule aliyeiandika, hapo nusura nimrudishe mchoraji wangu.

Sare ndiyo iliyonisumbua. Nikajichorea wavuta kamba wawili wenye nguvu sawa. Si lazima asili ya neno iwe hivyo, ni ujanja wangu tu, lakini sijalisahau tena. Na anayelalamika kuwa Kiingereza hakina akili, akamweleze Mwingereza kwa nini sisi tunapiga pasi, simu, mswaki na magoti bila kumuumiza mtu.

Juzi nimeletewa hadithi nyingine. Mtu hajalala usiku tatu, na uso wake ni drawn. Mkono ulishaandika “uso wa kuchorwa”. Nikafuta, nikauvuta ule uso akilini mpaka ngozi ikajikaza kwenye mifupa, nikaandika “uso umesawijika kwa uchovu”. Mhariri hakuandika neno. Malipo yaliingia.